Nimechoka Kusifiwa

Hapa Beni kuna watu wa aina mbili ninaowakwepa barabarani. Wa kwanza ni mwenye nyumba wangu, hasa mwanzo wa mwezi. Wa pili ni yeyote anayenishika bega, akatikisa kichwa polepole, akasema: "Papa, nyinyi watu wa Eringeti mna moyo wa ajabu. Sisi tusingeweza." Mwenye nyumba ana nafuu. Yeye akishapata chake anaondoka.

Tusingeweza! Nani amewaambia kwamba sisi tuliulizwa kama tunaweza? Naomba iandikwe mahali: sina moyo wa ajabu. Nina moyo wa kawaida na magoti yanayouma mvua ikikaribia. Mimi ni mtu wa kupenda kitanda chake, kikombe chake, na njia yake ileile ya shambani. Badiliko kubwa nililolitaka maishani lilikuwa kubadilisha mabati ya nyumba yangu. Mengine yote nimeletewa bila kuagiza.

Kwa asiyepajua, Eringeti iko kwenye barabara ya kitaifa namba 4, kilomita kama 60 kaskazini mwa mji wa Beni. Unapita Mbau, unapita Oicha, unaendelea. Ukifika Luna ujue umetupita na unaingia Ituri. Malori ya Komanda, Bunia na Kisangani yalikuwa yakisimama kwetu, madereva wakila wali na sombe na kuulizana habari za matope yaliyo mbele, nasi tukijiona tumekaa katikati ya dunia. Siku hizi nikitaja kwetu hakuna anayenikumbusha sombe. Naambiwa pole.

Halafu wanakuja watu wenye fulana zenye nembo, wanatuuliza kama tumewahi kukabiliana na mabadiliko. Wanangu! Mimi nilizaliwa Zaire, nikaamka siku moja ya Mei 1997 niko Kongo, na sikuwa nimehama hata chumba. Pesa nazo: mwaka 1993 zaire milioni tatu za zamani zikawa moja mpya, na ilipofika 1998 zile mpya laki moja zikawa faranga moja. Marehemu baba aliyekuwa akificha akiba yake kwenye mkebe wa maziwa ya unga aliendelea kuuficha mkebe huo miaka mingi baadaye, kwa heshima tu. Kahawa yetu ikanyauka mti mmoja baada ya mwingine kwa ule ugonjwa wa trakeomikozi; tukang'oa, tukachoma, tukapanda kakao. Kakao ikaupenda udongo wetu. Tukajifunza kuvundika mbegu ndani ya majani ya migomba, kuzianika, kuzigeuza, kuzifukuzia kuku. Tukapumua. Ndipo vita navyo vikaipenda kakao.

Desemba 2024 redio ikatangaza kwamba kakao huko New York imepita dola 12,000 kwa tani. Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa kwenye nyumba ya kupanga, nimeshika kitunguu cha faranga mia tano nikibishana na muuzaji, na shamba langu lilikuwa linavunwa na watu wasionijua. Mwaka uliofuata jirani zangu wachache wakathubutu kwenda kuvuna. Bei ikaporomoka hadi karibu nusu. Ilikuwa inatusubiri.

Katikati hapo kuna Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina na kutangazwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeondoka na watu 2,287. Kabla haijafika mlangoni kutoka, Covid ilikuwa imeshabisha hodi. Kunawa mikono tulikuwa tumekwisha kuhitimu. Mei 2021 ukaja utawala wa kijeshi wa dharura, siku 30 tu, walisema. Kisha ukaongezwa siku 15, na 15 nyingine, na 15 nyingine, mpaka tukaacha kuhesabu. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya jimbo ikahamia hapa Beni. Wazee wakasema hili si jipya, hata enzi za waasi wa RCD/K-ML mji huu ulikuwa makao yao makuu. Mwenye nyumba wangu hakugusia historia. Alisema kodi imepanda kwa sababu sasa naishi kwenye mji wa gavana.

Basi mwaka jana shirika moja likatuita kwenye semina, ukumbi wa parokia. Kichwa cha semina kilikuwa kirefu; mimi nilishika maneno mawili, "mabadiliko" na "ustahimilivu", na jambo la tatu ambalo halikuandikwa: nauli inarudishwa. Nikaoga mapema.

Kuandikishwa kulimaliza asubuhi. Tuseme ukweli, hapo shida ilitoka kwetu Wanande. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na wazazi wetu hawakuota kwamba siku moja tutapangwa mbele ya kijana wa mbali mwenye kompyuta. "Kambale!" akaita. Nusu ya uwanja ikasogea mbele. Mimi ni mzaliwa wa pili, nami nikasogea. Akaongeza jina la ubatizo. Wakabaki kina Jean-Pierre peke yao, na bado walitosha timu ya mpira.

Mwezeshaji alikuwa binti mpole, msaidizi wa kisaikolojia, mtoto wa Butembo. Sitamsema vibaya, nilijaribu kutafuta cha kumsema nikakosa, na hilo nalo liliniudhi. Alitandaza kamba sakafuni. Kamba hii, alisema, ni maisha. Mwanzo huu umezaliwa, mwisho huu ni leo. Weka ua pale ulipofurahi, weka jiwe pale ulipoumia. Alikuwa na ndoo ya mawe madogo, safi, yaliyooshwa, na kapu la maua. Nasikia mbinu hiyo inatumiwa na wataalamu katika nchi nyingi zenye vita, na sina sababu ya kuibishia. Ninachosema ni kwamba aliyepima ile ndoo hakuwa ametuuliza. Haukupita muda mawe yalikuwa yamekwisha. Tulikuwa bado kwenye miaka ya tisini.

Binti akatoka nje na mlinzi, wakaokota mengine kwenye changarawe pale magari yanapoegeshwa. Maua yalibaki mengi. Bibi mmoja wa upande wa Kokola alichagua ua kubwa kuliko yote akaliweka kwenye siku mumewe alipoondoka kwenda Kisangani asirudi. Binti akamwinamia: "Pole, bibi, nadhani hapo ni jiwe." Bibi akamwangalia. "Ua, mjukuu wangu. Nimesema ua."

Zamu yangu ilipofika nikaenda vizuri mpaka Oktoba 2014. Hapo nikasimama.

Kila mtu ukumbini alijua kuna nini hapo. Ndipo mauaji yalipoanza huku Beni na vijiji vyake, na Eringeti haikusubiri sana. Tarehe 29 Novemba mwaka uliofuata wauaji walirudi, wakaingia mpaka hospitalini. Hayo sikuyasema siku ile, na sitayasema kwenye safu ambayo watu wanaisoma wakinywa chai. Yana mahali pake, na nina watu wa kuyasema nao.

"Papa," binti akaniuliza kwa sauti ya chini, "hapo kuna nini?"

"Hapo," nikamjibu, "kuna likilimba."

Nitaeleza, maana hata yeye nilimweleza, na muda wa chakula ukapita. Tulikuwa kumi pale Eringeti: wakulima, fundi baiskeli, mwalimu, mama wa duka la chumvi na sabuni. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja anatoa dola 20, na mmoja anaondoka na zote, kwa zamu. Tulianza Januari 2014. Zamu tulipanga kwa kura, na kura ikanipa nambari kumi. Sikulalamika. Wa mwisho hukaa na pesa akiwa amezisubiri vya kutosha, hazipotei kwenye pombe ya kasiksi. Januari akachukua mwalimu. Februari akachukua fundi baiskeli, akanunua pampu mpya ambayo mpaka leo anayo. Ikaja Machi, ikaja Aprili, mimi natoa tu. Kila niliyemwona na godoro jipya, nilijua amelalia dola 20 zangu. Septemba akachukua mama wa duka. Kumi ni mwezi gani, msomaji? Hesabu mwenyewe.

Mabati nilikuwa nimeshayachagua.

"Kwa hiyo, papa, hapo ni jiwe?" binti akauliza.

"Hapo ni deni," nikasema. "Huna alama ya deni?"

Hakuwa nayo. Akaandika kitu kwenye daftari lake, na ninashuku niliingia kwenye ripoti ya mtu.

Tulipokimbia, kila mmoja alishika njia yake. Mimi na familia tulifikia Butembo kwa shemeji yangu. Watu wengi hudhani mkimbizi wa ndani anaishi kambini. Sisi wengi wetu tunaishi kwa ndugu, na ndugu hawapewi semina, ingawa ndio wanaoihitaji. Butembo iko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Eringeti aliyezoea joto la msitu akifika huko anagundua ana mifupa. Nililala na koti la shemeji. Niliamka na koti la shemeji. Wiki ya kwanza tulipewa kuku. Waswahili wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Shemeji hana shamba, ana duka la bidhaa kutoka Guangzhou, basi alinipa kalamu nihesabu katoni. Mfanyabiashara wa Butembo anahesabu kila kitu. Sukari ilihesabiwa. Mkaa ulihesabiwa. Nilipokohoa usiku nilihisi kikohozi nacho kimeandikwa. Mama watoto akaniambia nisiseme vibaya kwa watu waliotupa paa. Sikusema vibaya. Nilisema kwa sauti ya chini, upande wa nje, nikiwa nimevaa koti lao.

Ni kule Butembo nilipoanza kuwatafuta wadaiwa wangu. Nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka na namba mbili zinazopokelewa. Nikampata mwalimu, yuko Oicha, anafundisha chini ya turubai. "Mwalimu, hujambo? Familia? Mungu asifiwe. Dola zangu?" Mwalimu akanipa namba ya fundi baiskeli, nadhani ili kunigawanya na mwenzake. Fundi yuko Beni, amepanga pembeni ya barabara, anaziba matairi ya pikipiki. Vijana wa motari wote wanamjua. Fundi akajua alipo mama wa duka. Mama wa duka, ambaye deni la mtu halimpi usingizi, akajua walipo wengine watatu, mmoja wao Komanda. Kila mwezi, siku ileile tuliyokuwa tukikutana, nikawa nawapigia. Ilikuwa lazima niulize afya kwanza, huwezi kumdai mtu kabla ya salamu. Hivyo nikawa najua nani kazaa, nani kahama tena, nani mkewe anaumwa, nani amerudi Eringeti kuangalia kama mlango upo. Sijawahi kulipwa hata faranga. Wananitumia yuniti za simu ili niweze kuendelea kuwadai.

Mmoja wetu hakupatikana. Tulimpata baadaye kwa njia ya habari. Deni lake nimelifuta, na asiniulize mtu.

Mama watoto ameshanizoea. Kuna mwezi, kabla ya semina ile, nilimaliza kupiga simu zangu, nikaweka simu chini, nikasema hawa watu ni wezi kabisa. Yeye alikuwa akichambua maharage. Hakuinua hata macho. "Omba Mungu wasikulipe," akasema. "Siku watakayokulipa utaugua."

Nilimsimulia binti wa semina maneno hayo, nikitegemea anitetee. Badala yake akafurahi, akanieleza habari za Zimbabwe. Kule Harare, kitongoji cha Mbare, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda mwaka 2006 aliwafunza mabibi 14 wa mtaani wakae kwenye benchi wawasikilize watu waliolemewa na mawazo. Madaktari wa akili walikuwa wachache mno nchini, mabibi walikuwa wengi. Mwaka 2016 utafiti wao ukachapishwa kwenye jarida kubwa la madaktari la Marekani: baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Akasema pia Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, akina mama kutoka Sudan Kusini walisikilizishwa masomo ya kupunguza msongo na kupewa kitabu cha picha, nako ikaonekana, kwenye utafiti wa 2020, kwamba dhiki ilipungua.

Nikamsikiliza mpaka mwisho, maana nauli ilikuwa bado haijarudishwa. Kisha nikamuuliza: wale mabibi wa Harare, mtu akija analia, wanamwambia ana moyo wa ajabu? Akafikiri. Akasema hapana, wanamuuliza shida yake ni ipi, wanachagua moja, wanaitafutia la kufanya. Nikamwambia hao mabibi wana akili. Mimi shida yangu moja nimeshaichagua zamani, ni dola 180, yaani 200 ukitoa zangu mwenyewe, na ukitoa 20 za marehemu zinabaki 160. Naomba sasa tutafute la kufanya.

Akacheka sana. Nikarudishiwa nauli, pungufu ya niliyotumia, lakini hilo nitalisema siku nyingine.

La kufanya lilikuja lenyewe. Mama wa duka, ambaye siku hizi anauza vitunguu na samaki wadogo wa fretini hapa Beni, alipiga simu akasema amechoka kupigiwa kila mwezi. Tukutane tuyamalize. Jumapili baada ya misa ya pili tukakutana nyuma ya karakana ya fundi, chini ya mparachichi, barza kamili: viti vya plastiki, matairi, na katoni moja kwa ajili ya wa mwisho kufika. Mwalimu alitoka Oicha. Wa Komanda alihudhuria kwa simu, amewekwa kwenye spika juu ya betri ya pikipiki, akikatikakatika. Nafasi ya marehemu ilichukuliwa na binti yake, anayeuza unga wa muhogo sokoni na asiyecheka na mtu kwenye hesabu. Alikuja na daftari.

Tulianza na sala, tukaendelea na ugomvi. Saa nzima tulibishana kama ule mwembe wa karibu na kituo cha malori ulikuwa kulia au kushoto ukitoka Oicha. Mwalimu alisema kushoto. Mwalimu ni mtu wa vitabu, hajawahi kuangalia mti. Fundi akachora barabara kwenye vumbi kwa kipande cha spoku, mama wa duka akafuta akachora yake, yule wa Komanda akapiga kelele juu ya betri kwamba wote tunasema uongo, miembe ilikuwa miwili. Parachichi likamwangukia mwalimu begani. Nilicheka mpaka magoti yakasahau kuuma, na nilikuwa nimewakasirikia wote.

Halafu tukafika kwenye shauri langu. Nikasimama, nikaeleza kwa utaratibu, mwezi kwa mwezi, nani alichukua na alinunua nini. Fundi akaficha pampu kwa mguu. Mama wa duka akakubali kwamba haki yangu ipo. Mwalimu naye akakubali. Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba pesa hazipo. Lakini, akasema mwalimu, kwa nini tusianzishe likilimba upya, dola 10 badala ya 20, maana vita vimekula? Wakapiga makofi. Nikasema sawa, na ni wazi kwamba wa kwanza kupokea ni mimi.

Kimya.

Binti wa marehemu akafungua daftari. Akasema, kwa heshima zote, papa, deni la zamani ni la mzunguko wa zamani. Huu ni mzunguko mpya, una wanachama wapya, mmojawapo ni yeye, na yeye hakuchukua godoro la mtu. Zamu zipangwe kwa kura. Nikamtazama mama wa duka, akatazama parachichi. Nikamtazama fundi. Yule wa Komanda akasema mtandao unakatika.

Karatasi zikakatwa, zikakunjwa, zikatiwa kwenye kofia ya mwalimu. Sikutaka kuchukua wa mwisho, nikachukua wa kwanza kabisa, nikamtanguliza Mungu, nikaingiza mkono mpaka chini, nikachomoa, nikaikunjua.

Kumi.

Nikaomba kura irudiwe. Binti akaandika jina langu kwenye mstari wa mwisho, akapiga mstari chini yake kwa rula, akasema kura ni kura, na mwenye lalamiko alilete kwa maandishi mkutano ujao. Limeshafika ukurasa wa tatu, na bado niko Aprili 2014.